Kasoro ya kumbukumbu katika xrdp: Jinsi jina refu linavyoweza kuteka seva iliyo ng'ambo ya ziwa

FUNDI wa tarakilishi anayeishi mjini Kisumu na kutunza seva ya kituo cha afya katika kisiwa cha Mfangano ana njia mbili za kuifikia mashine hiyo. Ya kwanza ni kupanda matatu hadi Mbita, kisha motaboti, na iwapo ziwa limechafuka siku hiyo, atalala Mbita. Ya pili ni kuketi mbele ya kipakatalishi chake mjini, kuandika anwani na nywila, na kuona skrini ya mashine ya kisiwani ikifunguka mbele yake kana kwamba ameketi nayo chumba kimoja.

Njia hiyo ya pili huitwa huduma ya eneokazi la mbali. Katika tarakilishi zinazoendeshwa na mfumo wa Linux, mojawapo ya programu zinazotumika sana kwa kazi hiyo ni xrdp. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza, na haina ada ya leseni. Ilianzishwa na Jay Sorg mwaka 2004, nayo huzungumza itifaki iliyobuniwa na kampuni ya Microsoft, ndiyo maana fundi mwenye Windows anaweza kuingia katika seva ya Linux bila kuweka programu nyingine.

Mwanzoni mwa mwaka 2026, watunzaji wa xrdp walitoa toleo 0.10.5. Ndani yake mlikuwa na kiraka cha kuziba udhaifu uliosajiliwa kwa nambari CVE-2025-68670, ambao uligunduliwa na watafiti wa kampuni ya usalama ya Kaspersky. Udhaifu huo ni wa aina mbaya kuliko zote: mtu asiye na akaunti wala nywila angeweza kuutumia kutoka mbali, kabla seva haijamuuliza yeye ni nani.

Kwa nini jambo hili ni la pwani ya ziwa

Mtu anaweza kudhani kwamba habari za itifaki na nambari za udhaifu ni za mabenki ya Nairobi. Lakini mashine zinazohitaji kutunzwa kutoka mbali ni zile zilizo mbali, na katika eneo hili mashine za namna hiyo mara nyingi zimebeba rekodi za wagonjwa.

Historia yake ni ya Kenya hasa. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vilianzisha mfumo wa kuweka rekodi za wagonjwa kwa tarakilishi. Mafunzo ya kazi hiyo yalizaa OpenMRS, programu huria ya rekodi za matibabu iliyoanza kubuniwa mwaka 2004 na kutumika nchini Kenya mwaka 2006. Juu ya msingi huo ukajengwa mfumo wa KenyaEMR, ulioanza kusambazwa mwaka 2012 katika vituo vinavyohudumia watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ukiwekwa kwenye tarakilishi za Linux aina ya Ubuntu.

Kaunti za ziwani ndizo zilizobeba mzigo mzito zaidi wa ugonjwa huo. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulipata maambukizi ya asilimia 4.9 miongoni mwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 64 nchini kote, lakini asilimia 19.6 Homa Bay, 17.5 Kisumu na 15.3 Siaya. Katika kijiji cha wavuvi ambako kila mtu anamjua mwenzake, orodha ya wanaochukua dawa si karatasi ya kawaida. Ikivuja, ndoa huvunjika, na mwenye duka hupoteza wateja. Bunge lililitambua hilo katika Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006, inayolinda siri ya hali ya mgonjwa.

Hapo ndipo penye jambo ambalo mafundi wengi hulisahau. OpenMRS imeandikwa kwa lugha ya Java, ambayo haimruhusu mwandishi wa programu kuandika nje ya nafasi aliyopewa kwenye kumbukumbu. Akijaribu, programu husimama na kulalamika. Kwa upande huo, daftari la mgonjwa limefungiwa ndani ya sanduku lililoundwa vizuri. Lakini fundi akiweka xrdp juu ya mashine hiyo hiyo ili asivuke maji kila wiki, atakuwa ameongeza mlango ulioundwa na seremala mwingine kwa mbao nyingine. Programu ya xrdp imeandikwa kwa lugha ya C.

Kibao cha nahodha

Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni lugha ya kasi na inayokaa karibu sana na mashine. Humwachia mwandishi kazi ya kuhesabu: ukitenga nafasi ya herufi 20, ni juu yako kuhakikisha hazimiminwi herufi 60. Ukisahau kuhesabu, C haisemi neno.

Matokeo ya kusahau huko yanaeleweka kwa mfano wa gati. Chukulia kwamba nahodha wa chombo kinachokwenda Mbita hupewa na karani kibao chenye visanduku viwili vilivyopakana. Cha kwanza kina nafasi ya herufi 20, nacho huandikwa jina la mwenye mzigo. Cha pili huandikwa gati ambalo nahodha atarejea akishamaliza kushusha, tuseme Luanda K'Otieno. Nahodha huyo ni mtiifu kupita kiasi: akimaliza kazi husoma kisanduku cha pili na kwenda kunakotajwa, haulizi swali.

Siku moja mgeni anafika na kutaja jina lenye herufi 60. Karani hahesabu, anaandika tu. Jina linajaza kisanduku cha kwanza, linamwagikia cha pili na kufuta Luanda K'Otieno. Mgeni naye amelipanga jina lake kwa hila, hivi kwamba herufi zilizoangukia kisanduku cha pili zinasomeka kama gati jingine, gati lake mwenyewe, ambako watu wake wanasubiri. Nahodha anashusha mzigo, anasoma kibao, anageuza chombo na kwenda huko.

Katika tarakilishi, kisanduku cha kwanza huitwa bafa, na ubao mzima huitwa steki. Kisanduku cha pili ni anwani ya marejeo, yaani mahali ambapo mashine huendelea na kazi baada ya kumaliza hatua moja. Anayeiandika upya anwani hiyo ndiye anayeamua mashine ifanye nini baadaye.

Kasoro iliyozibwa katika toleo 0.10.5 ilikuwa ya namna hiyo hasa. Mtu anapojiunga na seva ya xrdp, tarakilishi yake hutuma jina la mtumiaji pamoja na jina la kikoa, yaani sehemu ya mtandao wa shirika ambayo mtumiaji huyo anatoka. Sehemu ya programu inayoshughulikia jina la kikoa haikupima urefu wake ipasavyo kabla ya kulinakili kwenye bafa. Jina refu kupita kiasi lilimwagika na kufikia anwani ya marejeo. Kwa kuwa hayo hutokea wakati wa kujiunga, nywila ngumu ya fundi haikuwa na msaada wowote. Karani alikuwa ameshaandika kibao kabla mlinzi hajaulizia kitambulisho.

Si mara ya kwanza

Mwezi Februari 2022, watunzaji wa xrdp walitoa toleo 0.9.18.1 kuziba udhaifu CVE-2022-23613 uliokuwamo katika matoleo 0.9.17 na 0.9.18. Huo ulitokana na hesabu ya kutoa. Ujumbe unaofika sehemu ya xrdp inayosimamia vikao hutaja urefu wake wenyewe, na programu hutoa urefu wa kichwa cha ujumbe ili ijue ni kiasi gani kimebaki kusomwa. Mtu akituma ujumbe unaodai kuwa mfupi kuliko kichwa chake, jibu linaanguka chini ya sifuri na hesabu zote zinazofuata zinaharibika. Aliyeutumia angeweza kupata mamlaka ya mtumiaji mkuu wa mfumo. Nafuu pekee ni kwamba, kwa mpangilio wa kawaida, sehemu hiyo husikiliza kutoka ndani ya mashine yenyewe tu.

Mwezi Desemba mwaka huo huo lilitoka toleo 0.9.21 likiwa na viraka vya udhaifu 10 kwa mpigo, karibu wote wa kusoma au kuandika nje ya mipaka ya kumbukumbu.

Ndugu zake xrdp nao hawana la kujivunia. VNC, njia nyingine ya kutawala skrini ya mbali iliyozaliwa katika maabara moja ya Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1990, ina matawi mengi ya programu huria. Novemba 2019, watafiti wa Kaspersky walitangaza udhaifu 37 katika manne kati ya matawi hayo, 22 kati yake ukiwa katika UltraVNC peke yake. Baadhi ya makosa hayo yalikuwa yamekaa ndani ya msimbo tangu mwaka 1999. Msemo unaopendwa na wapenzi wa programu huria, kwamba msimbo ukisomwa na macho mengi makosa huonekana, unadai kwanza macho hayo yawepo. Kwa miaka 20 msimbo huo ulikuwa wazi kwa dunia nzima, na waliousoma kwa makini walikuwa wachache.

Wala programu za kulipiwa hazikusalimika. Mei 14, 2019, Microsoft ilitoa kiraka cha udhaifu uliopewa jina la BlueKeep katika huduma yake yenyewe ya eneokazi la mbali. Ulikuwa mkubwa kiasi cha kuilazimu kampuni hiyo kutoa kiraka hata kwa Windows XP, mfumo uliokuwa umekwisha kustaafishwa tangu mwaka 2014. Mwaka huo wa 2019 wahandisi wa Microsoft walieleza kwamba takriban asilimia 70 ya udhaifu unaopata nambari katika bidhaa zao kila mwaka hutokana na kumbukumbu kutumiwa vibaya.

Chanzo chenyewe ni cha zamani. Novemba 2, 1988, programu iliyoandikwa na mwanafunzi Robert Morris ilienea katika maelfu ya tarakilishi za mtandao mchanga wa wakati huo. Mojawapo ya njia zake ilikuwa kumimina maandishi marefu kwenye bafa fupi ya huduma iitwayo finger. Karani asiyehesabu ana umri wa zaidi ya miaka 35.

Ndege wa mgodini

Hata hivyo, si kila seva yenye xrdp ya zamani ingetekwa kwa jina refu. Nahodha mwerevu anaweza kuchora alama ya siri kati ya visanduku viwili vya kibao chake. Kabla ya kung'oa nanga, hutazama alama hiyo kwanza. Akikuta imefutwa, hajui nani ameharibu kibao, lakini anajua kimeharibiwa, na haondoki.

Watengenezaji wa programu huiita alama hiyo kwa jina la ndege mdogo wa manjano ambaye wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walishuka naye mgodini: akianguka, wachimbaji walijua hewa imechafuka. Ubuntu imekuwa ikiweka kinga hiyo kwenye programu zake tangu toleo la 6.10 la mwaka 2006. Palipo na kinga hiyo, mshambuliaji wa xrdp angehitaji udhaifu wa pili wa kumfichulia alama ya siri. Asipokuwa nao, shambulio lake huishia kuiangusha huduma.

Kuanguka kwa huduma si jambo dogo kwa fundi aliye Kisumu wakati mashine iko Mfangano, kwani hapo hana budi kurudi kwenye motaboti. Lakini kati ya mlango uliojifunga na mlango uliofunguliwa na mwizi, hakuna asiyejua lipi ni afadhali. Walio hatarini zaidi ni wale waliojijengea xrdp wenyewe kutoka kwenye msimbo bila kuwasha kinga hiyo, pengine kwa kufuata maelekezo ya haraka waliyoyakuta mtandaoni.

Kiraka kipo, lakini kinafika?

Watu huzungumzia viraka kana kwamba vikitolewa vimekwisha kufika. Kwa xrdp kuna tatizo ambalo msimamizi anapaswa kulijua. Ubuntu hugawa programu zake katika hazina mbalimbali. Zile za hazina kuu hupata viraka vya usalama moja kwa moja kutoka kwa kampuni ya Canonical kwa miaka mitano. Programu ya xrdp imo katika hazina iitwayo universe, ambayo hutegemea watu wa kujitolea, au usajili wa Ubuntu Pro. Usajili huo hautozwi kwa mtu binafsi mwenye mashine zisizozidi tano, lakini taasisi hulipa. Kwa hiyo msimamizi anaweza kutoa amri ya kusasisha kila Jumatatu, akaambiwa kila kitu ni kipya, ilhali xrdp yake imebaki vile vile.

Tatizo la pili ni umri. Huduma ya kawaida ya Ubuntu 16.04 ilikoma Aprili 2021, ya 18.04 ikakoma Mei 2023 na ya 20.04 Mei 2025. Mashine iliyowekwa na mradi wa wafadhili, kisha mradi ukaisha na fundi akahamia kazi nyingine, huendelea kuwaka na kuhesabu wagonjwa bila kuonyesha dalili yoyote ya ugonjwa wake yenyewe. Nani mwenye jukumu la kuisasisha? Mara nyingi swali hilo huulizwa baada ya madhara.

Na la tatu ni bando. Kituo kinachotegemea simu ya mkononi kwa intaneti hufikiria mara mbili kabla ya kupakua mamia ya megabaiti za viraka. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka 2009 zilipunguza bei na kuongeza kasi nchini, lakini kasi hiyo hupungua kila hatua kuelekea visiwani.

Wanachoweza kufanya wasimamizi

Hatua ya kwanza ni kujua toleo lililopo. Amri ya xrdp inayoambatanishwa na neno la kuuliza toleo hujibu papo hapo. Lakini nambari peke yake haitoshi, kwa sababu wagawaji kama Debian na Ubuntu huweza kupachika kiraka kwenye toleo la zamani bila kubadilisha nambari yake kuu. Inapaswa kusomwa orodha ya mabadiliko ya kifurushi na kutafutwa humo nambari ya udhaifu, CVE-2025-68670.

Hatua ya pili, yenye faida kubwa kuliko zote, haigharimu hata shilingi: kuondoa mlango nambari 3389 kwenye intaneti ya wazi. Huo ndio mlango wa kawaida wa huduma hii, na programu za kupekua mtandao huubisha usiku na mchana kila pembe ya dunia. Fundi anaweza kupitia kwanza njia ya siri ya VPN, au mfereji wa SSH, kisha ndipo aifikie xrdp kutoka ndani. Udhaifu utakuwepo, lakini mgeni asiyejulikana hataweza kumfikia karani na jina lake refu.

Iwapo seva inatunzwa kwa kuandika amri tu, xrdp haihitajiki kabisa na inaweza kuondolewa. Wengi huiweka kwa sababu skrini yenye picha inawapa utulivu wa moyo, jambo linaloeleweka, ingawa utulivu huo una bei yake.

Ya kudumu zaidi ni kubadilisha mbao za mlango. Lugha ya Rust, ambayo toleo lake la kwanza thabiti lilitoka Mei 2015, humkatalia mwandishi makosa mengi ya namna hii kabla programu haijaanza kutumika, tena bila kupoteza kasi ya C. Tayari kuna mradi huria wa IronRDP unaoandika upya itifaki hii kwa Rust. Kuandika upya kazi ya miaka 20 si shughuli ya msimu mmoja, na kwa sasa seva nyingi zitaendelea na C.

Sheria inasemaje

Anayeingia katika mfumo wa tarakilishi bila idhini anavunja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria haitofautishi kati ya aliyevunja nywila na aliyeingia kwa kufurisha bafa. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwenye mfumo ulioshambuliwa atoe taarifa kwa kamati ya kitaifa ya uratibu katika muda wa saa 24.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inamgeukia mwenye seva. Taarifa za afya zimo katika kundi la data nyeti, na zikifikiwa na mtu asiyeruhusiwa kwa namna inayoweza kumdhuru mhusika, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Saa hizo huanza kuhesabiwa mwenye data anapogundua. Seva ambayo haiweki kumbukumbu za walioingia, au inayoziweka bila mtu wa kuzisoma, inaweza kufunguliwa na saa hizo zisianze kamwe.